Barua ya Uzoefu Niliyoichapa Mimi

Jirani zangu, na hasa ninyi wenye watoto waliofika umri wa kutafuta kazi ya kwanza, leo naomba mnisikilize mpaka mwisho. Kisa chenyewe hakinipambi hata kidogo. Lakini aliyejikwaa ndiye ajuaye jiwe lilipo, na mimi nikinyamaza, mwingine atajikwaa pale pale.

Mnanijua. Nina duka la kuchapa na kutoa fotokopi pale kwenye kona. Mnaniita Mama Fotokopi, na jina hilo nimelizoea hata nikiitwa kwa jina langu nachelewa kuitika. Mlango wa pili kutoka kwangu anaishi fundi cherehani anayeshona sare za shule, yeye na binti yake. Baba wa nyumba anaendesha lori la safari ndefu. Huja mara moja kwa mwezi, akalala siku mbili, akaondoka na chupa yake ya chai.

Binti tunamwita Kidoti, kwa alama ndogo nyeusi aliyonayo juu ya mdomo. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na sita. Jumamosi asubuhi ungepita dirishani kwao ungesikia cherehani ikinguruma, na Kidoti akiimba huku akipiga pasi kola za mashati ya watoto wa watu. Mama akikosea mshono, binti alimtania, "Mama, shati hili la mtoto au la bata?" Mama alicheka mpaka uzi ukamtoka sindanoni. Walikuwa maskini wenye raha zao, na wapo wengi wa namna hiyo, ila hawatangazwi.

Raha hiyo iliingia doa kwa sentensi moja tu. Likizo ndefu ilikuwa imeanza, mama alikuwa amechoka, na mteja mmoja alikuwa amemsifia mwanawe aliyepata kazi ya saa chache kwenye duka la viatu. Mama akasema bila kuinua uso, "Watoto wa wenzetu wanajishughulisha. Sisi wetu wanatuimbia."

Hakukusudia ubaya. Maneno ya uchovu humtoka mtu kama chafya. Lakini Kidoti aliweka pasi chini, na siku ile hakuimba tena.

Jumatatu alianza kutafuta. Alikwenda duka la viatu, wakamuuliza, "Una uzoefu?" Alikwenda mahali wanapooka mikate, wakamuuliza, "Una uzoefu?" Kwenye duka la vitabu alikuta tangazo mlangoni: anatakiwa msichana asiyezidi miaka kumi na nane, mwenye uzoefu wa miaka mitano. Ndugu zangu, hebu pigeni hesabu wenyewe. Huyo msichana alianza kuuza vitabu kabla hajamaliza shule ya msingi?

Akaja kwangu pia. Ndiyo, kwangu.

"Shikamoo, mama. Nimesikia unahitaji mtu wa kukusaidia mchana."

"Marahaba, mwanangu. Umeshawahi kutumia mashine kama hii?"

"Hapana, lakini nitajifunza haraka. Ukinionyesha mara moja tu..."

"Aa, mwanangu, mimi sina muda wa kufundisha. Nataka mtu aliyekwisha kuiva."

Aliondoka kwa adabu, akafunga mlango polepole. Mashine yenyewe nilijifunza kwa siku mbili. Nilifundishwa na mjomba wangu, nami nikamharibia karatasi boksi zima, wala hakunifukuza. Hilo sikulikumbuka siku ile.

Baada ya wiki mbili Kidoti alirudi. Soli ya kiatu chake kimoja ilikuwa imeachia, kaifunga kwa uzi wa cherehani. Safari hii alikuwa ameshika kipande cha karatasi. Mwalimu mmoja wa kemia, mitaa mitatu kutoka kwetu, alikuwa anatafuta mtu wa kukaa na mama yake mzee kila mchana, kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili, wakati yeye anasimamia masomo ya ziada. Yule mama alikuwa amepata kiharusi na kupooza upande wa kulia. Chini kabisa ya tangazo palikuwa pameandikwa: awe na barua ya uzoefu.

"Mama," aliniambia, na machozi yako karibu, "nichapie wasifu. Kwenye uzoefu niandike nini?"

Nilimtazama, nikamhurumia. Na huruma, jirani zangu, ikikosa akili inaua. Niliona ninamwokoa. Nikamwambia, "Kaa hapo." Nikachapa barua ya nyumba ya kutunzia wazee ambayo haipo popote duniani. Nikaandika kwamba binti huyu amehudumia wagonjwa waliopooza kwa miezi minane, kwa bidii na uaminifu. Neno uaminifu nililiandika kwa mkono wangu huu. Nikaizungushia mpaka wa maua, jinsi ninavyopamba karatasi zangu zote, nikagonga muhuri usiosomeka.

"Lakini mama, mimi sijawahi..."

"Kazi utaijulia kazini. Kila mtu anafanya hivi. Nenda."

Na kweli hakuwa wa kwanza. Mengine nitayasema mbele.

Kazi akaipata siku hiyo hiyo. Mwalimu aliisoma barua akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Ni mwanamke mpole, mwenye chaki kwenye mikono ya blauzi hata wakati wa likizo. "Mungu amekuleta," alimwambia. "Wenzako wawili waliokutangulia nilitumia siku nzima kuwaelekeza. Wewe sina haja ya kukufundisha, umeshayaona haya. Chakula nitamlisha mwenyewe kabla sijatoka. Wewe kaa naye, mgeuze, mnyooshe vidole. Akishikwa na kiu, unajua namna ya kumnywesha mtu wa hali hii, siyo?"

Kidoti angekuwa amekuja mikono mitupu, angesema, "Sijui, mwalimu, nionyeshe." Lakini mtu mwenye miezi minane anaulizaje swali la siku ya kwanza?

"Najua, mwalimu."

Siku tatu za kwanza zilikwenda vizuri mno. Yule bibi alikuwa mkunga zamani, mwenye mikono mikubwa na macho ya utundu. Ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya maneno, ukamwachia moja tu: chai. Akitaka dirisha lifunguliwe, chai. Akitaka redio, chai. Akikasirika, "Chai!" kwa sauti ya kugomba. Akifurahi, "Chaai," kwa kuvuta. Kidoti alimsuka nywele, akamsomea magazeti ya zamani, akamwimbia zile nyimbo za kupigia pasi. Bibi alipiga mapigo kwa mkono wake mzima juu ya shuka. Kila jioni mwalimu aliporudi alimshika mama yake chini ya kwapa, nao wakatembea hatua sita kutoka kitandani mpaka kwenye kiti. Hatua sita, na zilikuwa zimechukua miezi kuzipata. Kidoti alizihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na ya sita wote walishangilia kama goli limeingia.

Siku ya nne, mchana wa joto, Bibi alisema, "Chai. Chai, chai," huku akionyesha upande wa meza. Mezani palikuwa na chupa ya chai na kikombe. Palikuwa pia na upepeo wa mkono. Kidoti aliona chupa. Bibi alikuwa amelala chali, mto mmoja chini ya kichwa. Kidoti akamimina chai ikapoa kidogo, akamwinua shingo kwa mkono mmoja, akamnywesha kwa kikombe, jinsi ambavyo angemnywesha mtu yeyote mwenye malaria nyumbani.

Bibi akapaliwa. Alikohoa, kisha kikohozi kikakwama, macho yakamtoka, midomo ikabadilika rangi. Kidoti alimvuta kwa nguvu zote akamkalisha, akampigapiga mgongoni huku akilia, "Bibi! Bibi, nisamehe, pumua, Bibi!" Dakika ile, aliniambia baadaye, ilikuwa ndefu kuliko mwaka wa shule. Mwishowe pumzi ikarudi, na Bibi akamwegemea kifuani, ametota jasho.

Jioni mwalimu aliingia. "Mmeshindaje?"

Kidoti aliniambia jibu la kweli lilimfika mpaka kwenye meno. Akaiona ile karatasi yenye maua ikiwa kwenye faili juu ya kabati.

"Tumeshinda salama, mwalimu."

Uongo hauzai mtoto mmoja. Huo ulikuwa wa tatu, ukihesabu na wangu.

Baada ya siku mbili Bibi alipandwa na homa, kifua kikawa kinakoroma. Wakampeleka hospitali. Kidoti aliwafuata na mfuko wa mashuka safi, akasimama ukutani. Daktari, kijana mwenye haraka, alisikiliza kifua akauliza, "Kuna siku amepaliwa hivi karibuni? Chakula, maji, kitu chochote? Nikijua itanisaidia kuchagua dawa."

"Hapana," mwalimu alisema. "Ana mtu mwenye uzoefu anayekaa naye."

Pale, jirani zangu, ndipo mtoto wa miaka kumi na sita alipotushinda sisi watu wazima. Aliweka mfuko chini.

"Ndiyo, daktari. Juzi. Nilimpa chai akiwa amelala chali. Akapaliwa sana. Sikusema."

Daktari aliandika haraka na kumwita muuguzi. Mwalimu aligeuka taratibu.

"Lakini wewe una miezi minane ya kazi hii."

"Sina hata siku moja, mwalimu. Sijui kitu. Niliogopa kukuuliza."

"Toka," mwalimu alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Toka nisikuone."

Kesho yake mchana mwalimu aliingia dukani kwangu. Aliweka karatasi mbili juu ya kaunta. Moja ilikuwa ile barua. Nyingine ilikuwa mtihani wa kemia niliomchapia muhula uliopita. Zote mbili zina mpaka wa maua, ua moja kwenye kona ya kushoto likiwa limekatika nusu, maana mashine yangu ina kasoro hiyo tangu zamani.

"Hii umeichapa wewe?"

Nilijikuta nasema, "Mwalimu, mimi nachapa kinacholetwa na mteja. Siulizi."

Hakupiga kelele. Ningetamani angepiga.

"Yule binti nilimfuata nje ya wodi nikamuuliza nani alimwandikia. Amekataa kukutaja. Amesema kosa ni lake peke yake." Akazikunja karatasi zake. "Mama yangu aliwazalisha nusu ya wanawake wa mtaa huu. Sasa anapumulia oksijeni ya mtungi." Akaenda zake.

Nilifunga duka mapema. Chakula kilinishinda. Nilijiuliza: mimi mwenye mvi, niliyesema nilichapa tu, na yule mtoto aliyesimama peke yake kunikinga, nani kati yetu mtu mzima?

Asubuhi nilibisha hodi kwa fundi. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa shuka. Kidoti alikuwa amelala amegeukia ukuta. Fundi alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, sura ya mtu asiyejua mikono hutumika kufanya nini.

"Tangu juzi hajala," aliniambia. "Anasema ameua mtu. Nimemuuliza barua aliipata wapi, hasemi."

"Aliipata kwangu," nikasema.

Nilisubiri anitukane. Kwa kweli nilikuwa nimejiandaa. Badala yake fundi akasema, "Na mimi ndiye niliyemsukuma mpaka kwako. Nilimwambia anatuimbia tu. Mtoto ambaye kola zote za mtaa huu zimepitia mkononi mwake! Nilimwita mvivu kwa sababu mgongo ulikuwa unaniuma." Akainuka, akaenda kukaa kitandani, akamwekea binti yake mkono begani. "Mama yangu, amka. Twende wote watatu. Kosa hili si la kubebwa na mtu mmoja."

Kidoti akageuka. Uso umevimba kwa kulia. "Akinifukuza tena, mama?"

"Tutafukuzwa pamoja. Njoo ule kwanza."

Mwalimu tulimkuta kwenye korido ya hospitali, kwenye benchi, na chaki yake ile ile kwenye mkono wa blauzi. Nilisema kabla woga haujanirudia. "Barua niliichapa mimi. Hakuniomba. Alikuja na ukweli, mimi ndiye niliyempa uongo. Na jana nikakudanganya tena. Ukinipeleka popote unapotaka kunipeleka, nitakwenda."

Mwalimu alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaishia kwa Kidoti.

"Unajua kilichoniuma?" alimwambia. "Siyo kwamba hukujua. Mimi ni mwalimu, nakaa na wasiojua maisha yangu yote, ndiyo kazi yangu. Kilichoniuma ni kwamba ungeniuliza ningekuonyesha kwa dakika tano." Akafuta macho kwa kiganja. "Na mimi nilifurahi mno kutokukufundisha. Niliona karatasi, nikaacha kukuona wewe."

"Nisamehe, mwalimu."

"Daktari amesema ungenyamaza tungechelewa. Bibi amefungua macho leo alfajiri. Anaangaza angaza mlangoni, na sidhani ananitafuta mimi."

Fundi akalia. Mimi pia. Kidoti ndiye hakulia, alikuwa ameishiwa machozi. Aliomba tu, "Naweza kumwona muuguzi anavyomnywesha?"

Akaruhusiwa. Muuguzi, mama mnene asiye na haraka, alimkalisha Bibi wima kwa mito mitatu. "Kwanza mgongo," alisema. "Kidevu kiangalie chini kidogo, kisiangalie juu. Maji matupu usimpe, tumeyafanya mazito kama uji mwepesi. Kijiko nusu. Halafu ngoja. Tazama koo, limepanda? Limeshuka? Ndipo kingine."

"Akikohoa?"

"Simama. Mwache akohoe, usimwongezee."

"Nitajuaje kama amemeza chote?"

"Mwambie afungue mdomo uangalie."

"Na akisema chai, ila hataki chai?"

Muuguzi akacheka. "Hilo sasa wewe ndiye utatufundisha."

Aliuliza maswali kumi na moja, mwalimu aliyahesabu. Bibi alimtazama wakati wote, kisha akanyoosha mkono mzima akamshika kidole gumba, jinsi anavyoshika mtoto mchanga, akakataa kukiachia.

Isidhaniwe kwamba mambo yaliisha kwa wimbo. Bibi alilazwa siku kumi na nane. Aliporudi nyumbani zile hatua sita zilikuwa zimepotea. Hata kusimama alianza upya, na mpaka leo hajafika ya tatu. Kifua chake hakijawa kile cha mwanzo. Kidoti hakurudishiwa kazi kesho yake. Mwalimu alimwambia, "Njoo Jumamosi nikiwa nyumbani. Nitakuonyesha, utafanya nikitazama." Akaja Jumamosi hiyo, na iliyofuata, na zilizofuata. Ilipofika wiki ya mwisho ya likizo ndipo mwalimu akaweza kutoka akamwachia mama yake. Akafika mpaka sokoni, akarudi mbio kwa wasiwasi, akawakuta wanaimba.

Nami niliyekuwa na deni la aibu nilifungua kompyuta yangu. Kuna mahali nilikuwa naziweka barua zile. Nikazihesabu. Zilikuwa kumi na tisa. Vijana kumi na tisa niliowatuma wakafanye kazi wasiyoijua, wakiwa wamefungwa midomo kwa mkono wangu. Nilizifuta, lakini kufuta kwenye kompyuta hakumfundishi mtu kazi. Basi nikaanza kuwatafuta. Mmoja alikuwa kwenye jiko la hoteli, anawasha mitungi ya gesi kwa kubahatisha. Mwingine alikuwa na fundi umeme. Mpaka sasa nimewapata kumi na wawili, na kila mmoja nimekwenda naye kwa bosi wake, tukasema ukweli. Wawili walifukuzwa, na mmoja wao ndiye anayenisaidia dukani sasa, karatasi anaziharibu kweli kweli. Waliobaki walionyeshwa kazi upya.

Yule wa fundi umeme nilimkuta juu ya ngazi, nyaya mkononi, jasho linamtiririka. Nilimwambia nimekuja kwa ajili ya ile barua. Alishuka ngazi moja moja, akakaa kwenye kipago cha chini, akasema, "Mama, kila asubuhi nikiamka naomba leo nisiguse waya mbaya. Nilidhani ni mimi peke yangu."

Tunachoachiwa na kisa hiki

Wazazi wenzangu, tusiwapime watoto wetu kwa watoto wa jirani. Neno la uchovu husahauliwa na msemaji, aliyeambiwa hulala nalo.

Ninyi wenye maduka, ofisi na wagonjwa nyumbani: mnapomdai mtoto wa miaka kumi na sita uzoefu, mnamwomba akudanganyeni. Kila aliyeiva aliwahi kuwa mbichi mikononi mwa mtu fulani aliyevumilia. Vumilieni nanyi. Na hata akija na karatasi nzuri, mwonyesheni kazi.

Na ninyi vijana mnaotafuta kazi ya kwanza, kutokujua si aibu wala si kosa. Asiyejua akiuliza, hujua. Anayejifanya anajua amejifungia mlango wa kuuliza, na siku ya hatari atakuwa ndani peke yake. Semeni, "Sijawahi, nionyeshe." Wengine watawafukuza. Nami niliwahi kumfukuza mmoja. Msikate tamaa, endeleeni kubisha hodi na ukweli wenu mkononi.